Kuhamisha tovuti ya mradi huria kutoka WordPress kwenda Hugo

Mkazi wa Nzuguni, Dodoma:
Ndugu zangu, habari za kazi. Sisi vijana wachache hapa Dodoma tunatunza programu huria ya kumbukumbu za maktaba, na tovuti yake inaendeshwa na WordPress. Kwa kuwa kurasa zake ni maelezo ya matumizi yasiyobadilika mara kwa mara, tunafikiria kuhamia Hugo, programu inayotengeneza kurasa za tovuti zikiwa tayari kabla ya msomaji kuzifungua. Je, viungo vya zamani, ambavyo watu wameshavihifadhi, tutavinusuru vipi?

Wa Makole:
Hameni tu. WordPress hutegemea lugha ya programu ya PHP na hifadhidata inayohitaji kulindwa na kusasishwa, ilhali Hugo, iliyotoka mwaka 2013, huzalisha faili za HTML (kurasa ambazo kivinjari huzisoma moja kwa moja) mara moja na seva hubaki na kazi ya kuzigawa tu. Kuhusu viungo, andikeni anwani ya zamani kwenye vichwa vya faili husika, yaani mistari ya mipangilio iliyo juu kabisa, kwa mfano:

aliases: ["/2019/05/kusakinisha/"]

Hugo itatengeneza ukurasa mdogo unaompeleka msomaji kwenye anwani mpya.

Mdau wa Singida:
Naomba kuongezea, ndugu. Njia hiyo haisaidii anwani za WordPress za mtindo wa ?p=123, kwa sababu sehemu inayofuata alama ya kuuliza haiwi jina la faili; hizo ziwekeeni uelekezaji katika mipangilio ya seva yenyewe kwa msimbo 301, ambao pia huziarifu injini za utafutaji kwamba uhamisho ni wa kudumu. Fomu ya mawasiliano nayo itahitaji huduma ya pembeni, kwa kuwa faili za HTML pekee haziwezi kupokea ujumbe.

Mkazi wa Nzuguni:
Nashukuru sana. Za ?p= tunazo nyingi, kwa hiyo tutaanza na seva.