Mjadala: Vepu (sigara za kielektroniki) za kutupa zikipigwa marufuku, anayetaka kuacha sigara aanze na ipi?

KaraniWaJiji
Wakubwa, tuijadili hii bila matusi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku tuliyo nayo Kenya ni ya 2007, na iliandikwa watu wakifikiria sigara na ugoro. Mwaka 2024 ukaletwa muswada Seneti wa kuirekebisha ili vepu na vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni navyo viguswe. Uingereza wamekwisha kuzifungia vepu za kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025.

Msimamo wangu: za kutupa ziondolewe, podi za kujaza (vepu ndogo ambazo mtu hujaza juisi ya nikotini mwenyewe) zibaki kwa watu wazima. Namzungumzia mvutaji wa pakiti moja kwa siku anayetaka kuacha. Ambaye hajawahi kuvuta hana la kuchagua hapa, apite tu. Anayepinga aseme sababu, na anayejua vifaa atueleze mtu huyu aanze na kipi.

DukaMtaaWaPili
Napinga. Mvutaji amezoea kutoa, kuwasha, kuvuta. Ya kutupa ndiyo pekee inayokaribia hapo: haina kitufe, haina kujaza, ukivuta tu sensa ya hewa inawasha koili, ule waya unaopasha juisi. Mpe podi, kabla wiki haijaisha amejaza juisi isiyofaa, imemvujia mfukoni, koili imeungua, karudi kwa muuza sigara pale steji.

Na tukizungumzia sheria, hiyo ya 2007 inakataza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Nionesheni kona moja ya River Road ambako hupati sigara moja moja. Shisha nayo ilipigwa marufuku Desemba 2017, mnaijua hali yake. Mkizifungia za kutupa zitatoka kaunta ziingie kwenye mkoba wa mchuuzi, basi.

FundiKoili
Mwenye duka anasema kweli kuhusu kuvuja na kuungua, ila sababu zake zinajulikana na karibu zote ni za wiki ya kwanza.

Anza na namna ya kuvuta. Mvutaji wa sigara hujaza moshi mdomoni kwanza, ndipo anauteremsha kifuani. Kinachomfaa ni kifaa chenye njia nyembamba ya hewa na koili ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0.8 hadi 1.2, kinachokula wati 10 hadi 18 hivi. Hiyo ndiyo podi. Modi, kile kifaa kikubwa chenye tangi na koili ya omu 0.2, hula wati 50 kwenda juu na huvutwa moja kwa moja kifuani kama shisha. Mwanzilishi akipewa hiyo atakohoa hadi machozi yamtoke, kisha ataificha kabatini. Halafu kuna suala la betri. Modi nyingi hutumia betri za 18650 zinazotolewa. Ganda la plastiki likichanika, au betri ikikaa mfukoni pamoja na sarafu na funguo, chanya na hasi zinakutana na inalipuka moto. Na zile modi za bomba zisizo na saketi ya ulinzi, mwanzilishi asizishike kabisa.

Juisi sasa. Propilini glikoli ni nyepesi na ndiyo inayokwaruza koo. Gliserini, ile inayoandikwa VG kwenye chupa, ni nzito na ndiyo yenye wingu. Podi inataka nusu kwa nusu. Ukiijaza juisi yenye gliserini asilimia 70, pamba ya ndani ya koili haiwahi kuinyonya, inakauka, na unapata ile ladha ya kitambaa kilichochomwa. Ukifanya kinyume chake, juisi nyepesi kwenye tangi la omu 0.2, inapita pamba na kutokea kwenye matundu ya hewa. Malalamiko mengi yanayofika kwa mafundi ni moja kati ya haya mawili.

Koili mpya: jaza, simamisha kifaa wima dakika 10 ili pamba ilowe hadi ndani, kisha anza na wati ya chini kabisa kati ya zile zilizochapwa kwenye koili. Juisi isishuke chini ya robo. Koili hudumu wiki moja hadi mbili. Juisi iliyotiwa sukralosi nyingi huiua kwa siku chache, maana utamu ule hauvukizwi; unabaki kwenye waya na kuganda mweusi. Pamba iliyokwisha kuungua haiponi, tupa hiyo koili. Na usije ukaongeza mafuta ya aina yoyote kwenye juisi, hata yale ya kunukia: mafuta yakiingia mapafuni hayatoki kirahisi. Vifo vya Marekani vya 2019 vilihusishwa zaidi na asiteti ya vitamini E, kitu cha mafuta, iliyotiwa kwenye katriji za bangi.

MfamasiaEastleigh
Fundi, hayo ya koili nakubali yote. Lakini kitakachoamua kama mtu huyu atarudi kwa sigara ni nikotini, na hamjaigusa.

Za kutupa nyingi utakazokuta kaunta zimeandikwa 5%, yaani miligramu 50 kwa mililita. Yenye mililita 10 ina miligramu 500 ndani. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu 1 hadi 2 tu. Si zote 500 zitaingia mwilini, sawa, lakini nikotini ya chumvi iliyomo haikwaruzi koo, kwa hiyo hakuna kinachomwambia mtu aweke chini. Sigara huisha. Hii haiishi hadi betri ife.

Kwa pakiti moja kwa siku, anzia nikotini ya chumvi ya miligramu 20 kwa mililita kwenye podi, kiwango ambacho ndicho kikomo cha Umoja wa Ulaya. Kwa sigara tano au sita kwa siku, 10 au 12 inatosha. Kichefuchefu, jasho baridi, kizunguzungu au moyo kwenda mbio maana yake imezidi, apumzike. Akiwa anaivuta mfululizo na bado anatamani sigara, imepungua. Apandishe nikotini, asipandishe wati. Kosa baya kuliko yote ni kuvuta vyote viwili miezi na miezi, vepu ofisini na sigara jioni. Hapo hajaacha kitu.

Na wauzaji wanaopenda kutaja utafiti wa Uingereza wa 2019 wausome hadi mwisho. Watu 886, nusu walipewa vepu, nusu dawa za nikotini kama bandeji na bazoka, wote na ushauri. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya wa vepu walikuwa wameacha sigara dhidi ya asilimia 9.9 ya wa dawa. Vizuri. Lakini kifaa chenyewe kilikuwa cha kujaza, na juisi ya miligramu 18. Hakikuwa cha kutupa cha 5%. Tena kati ya waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Kwa dawa ni asilimia 9 tu walioendelea kuzitumia. Ndiyo maana mimi humwambia mteja ajaribu bazoka kwanza: ya miligramu 4 kama sigara ya kwanza anaiwasha ndani ya nusu saa tangu aamke, ya 2 kama anachelewa. Na simu ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure.

DukaMtaaWaPili
Daktari, utafiti nakuachia. Sasa mje kwenye ushuru, maana hapo ndipo serikali yenyewe inamchagulia mteja kifaa.

Ushuru wa bidhaa kwenye juisi ya nikotini ulikuwa shilingi 70 kwa mililita, na sheria ya Desemba 2024 ikaupandisha hadi 100. Unatozwa kwa mililita, hauangalii ukali. Chukua miligramu 500 za nikotini. Kwa juisi ya 50, hizo ni mililita 10, ushuru 1,000. Kwa juisi ya 20 anayoisifu daktari, ni mililita 25, ushuru 2,500. Kwa ile ya 3 ya modi kubwa ni mililita 167 hivi, ushuru zaidi ya 16,000! Nani atauza juisi dhaifu kihalali? Chupa ya mililita 30 ina ushuru wa 3,000 kabla hujaweka bei ya chupa yenyewe. Ukiiona mahali kwa 1,200, jijibu mwenyewe imeingiaje nchini.

KaraniWaJiji
Hoja hiyo imenigusa, ila inanisukuma mbali zaidi ya nilipokuwa. Ushuru utozwe kwa miligramu, basi za 5% zipoteze unafuu wake.

MzaziUmoja
Nyote mnamzungumzia mtu wa pakiti moja. Kinachopatikana kwenye mikoba ya shule ni kidude kilicho sawa na kalamu ya rangi, ladha ya embe na barafu, kisichoacha harufu kwenye sare. Hakuna mwanafunzi anayeloweka pamba dakika 10, Fundi. Huo usumbufu mnaoulalamikia ndio kinga yetu. Na wekeni neno kuhusu vionjo, mnavikwepa.

FundiKoili
Vionjo sina ugomvi navyo vikipunguzwa. Tumbaku na minti vinamtosha anayeacha sigara. Ila angalieni sana muswada unaelezaje "ya kutupa". Kule Uingereza watengenezaji waliongeza tundu la chaja na podi ya kuchomoa kwenye umbo lile lile, rangi zile zile, na bei haikwenda mbali. Kinatajwa kuwa cha kutumika tena, mtu anakitupa vile vile. Maelezo yanayobana yadai vitu vitatu pamoja: betri inayochajiwa, podi au tangi linalojazwa na mteja, na koili inayouzwa peke yake dukani hapo hapo. Hicho cha tatu ndicho wanachokikimbia.

Tena fungua ya kutupa yoyote iliyokwisha: ndani kuna betri ya lithiamu ambayo mara nyingi ingeweza kuchajiwa tena mamia ya mara. Inakwenda jaa la taka la Dandora ikiwa imebanwa na takataka nyingine kwenye lori. Wanaoshangaa moto kwenye malori ya taka waanzie hapo.

MfamasiaEastleigh
Mimi ningeenda mbali zaidi, kama Australia. Tangu Julai 2024 vepu huuzwa kwenye famasia peke yake, na tangu Oktoba mwaka huo mtu mzima anaweza kuinunua bila cheti cha daktari, kikomo miligramu 20, ladha za tumbaku, minti na mentholi.

DukaMtaaWaPili
Famasia zipi, daktari? Hizi zinazouza antibiotiki bila cheti? Vifuko vya nikotini vilisajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, vikaonekana kwenye vibanda vya peremende, hadi 2020 Waziri wa Afya akasema usajili ule ulikwenda kinyume na sheria.

MfamasiaEastleigh
Vilikuwa vibandani, ndugu yangu, havikuwa famasia peke yake. Hilo ndilo lililoharibika. Mwenye famasia ana leseni ya kunyang'anywa. Wewe wa Mtaa wa Pili utanyang'anywa nini?

DukaMtaaWaPili
Leseni ya kaunti, mzigo wote, na pengine uhuru. Nipeni ushuru wa miligramu, kikomo cha 20 na kitambulisho kwa kila mteja, nitaziacha za kutupa kwa hiari yangu. Famasia peke yake, hapana.