Udongo mchachu kwenye mipaina: naitreti imeenda wapi?

mpandamipaina: Wakuu, shamba ni la *Pinus patula*, miaka 12, Mufindi. Udongo wa sentimita 0–15 una pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni uchachu) 4.6 kwenye maji. Maabara imeandika naitrojeni jumla asilimia 0.25, lakini naitreti (aina mojawapo ya naitrojeni ambayo mimea hufyonza) karibu hakuna. Uchachu umeua mzunguko wa naitrojeni? Nimwage chokaa?

bwanaudongo: Mkuu, haujafa, umekwama hatua moja. Kuvu wanaoozesha sindano huvumilia uchachu, kwa hiyo amoniamu (aina nyingine ya naitrojeni, inayotoka kwanza vitu vikioza) inaendelea kutoka. Kinachodorora ni kuigeuza kuwa naitreti: vijidudu vya kazi hiyo hutumia amonia, si amoniamu yenyewe, na pH ikiwa chini karibu amonia yote iko katika hali ya amoniamu. Mipaina haiathiriki sana, maana hufyonza amoniamu vizuri, hasa kwa msaada wa kuvu wa mizizini. Kinachobana zaidi ni sindano zenyewe. Zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, hivyo vijidudu huihodhi kabla mti haujaipata.

mwanamisitu: Mimi ningeanza kwa kuhakiki kipimo. Ondoa tabaka la sindano, lipime peke yake. Udongo ukae kwenye baridi ya nyuzi 4, usikaushwe, kwa sababu ukikaa kwenye joto amoniamu hupanda na namba inakudanganya. Ndani ya siku moja chukua gramu 10 za udongo mbichi, mililita 100 za KCl (maji ya chumvi ya kloridi ya potasiamu) ya molari 2, tikisa saa moja, chuja. Suuza karatasi ya kuchujia kwa KCl ileile kwanza (nyingi zina amoniamu), na pima KCl tupu isiyo na udongo pia, uitoe kwenye hesabu. Gramu 10 nyingine zikae siku 28 kwenye nyuzi 25, unyevu usibadilike, kisha rudia. Jumlisha amoniamu na naitreti kila mara; tofauti kati ya jumla ya mwisho na ya mwanzo ndiyo naitrojeni inayoachiliwa. Usisahau kukausha sampuli nyingine kwa nyuzi 105 ili ukokotoe kwa udongo mkavu.

mpandamipaina: Na chokaa?

bwanaudongo: Usiweke kwa sababu ya naitreti. Chokaa huamsha ugeuzaji wa amoniamu kuwa naitreti, na kila chembe ya amoniamu inayogeuka huachia ioni mbili za haidrojeni, ambazo ndizo uchachu. Mvua ikiisomba naitreti, inaondoka na kalisi na magnesi, uchachu unabaki.

mwanamisitu: Tena chokaa hupunguza boroni inayopatikana. Ncha za miti zikikauka na shina kugawanyika, pima boroni kwenye sindano kabla ya kuilaumu naitrojeni.