MREJESHO: Waifu ana MS, kolestro na jicho

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza kama kolestro ndo inamfanya waifu asione vizuri jicho la kushoto, ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na neva). Asanteni sana, hasa mliosema tupime kwanza. LDL (kolestro mbaya) ilikuwa 4.3, daktari kampa atovastatini (dawa ya kushusha kolestro), na mimi nikaacha kuleta nyama ya mnadani Msalato kila Jumamosi (hapo ndo palikuwa na vita), tukarudi kwenye mlenda na ugali wa uwele, sasa hivi 2.9. Jicho lenyewe bado, nyekundu anaiona imepauka, OCT (kipimo cha kupiga picha ndani ya jicho) imeonyesha neva ya jicho imeshasinyaa na daktari kasema ni ule uvimbe wa MS, kushusha kolestro hakurudishi kilichokufa. Dawa za MS anaendelea nazo. Kitunguu saumu tulijaribu pia, tumeambulia harufu tu.