Naomba ushauri: mbwa wangu wa pua fupi ameanguka kwa joto hapa Gulu

Mwalimu wa Gulu

Ndugu zangu wafugaji, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu, na tangu mwanzoni mwa Januari ninaishi Gulu, kaskazini mwa Uganda, baada ya kuhamishwa kutoka Kabale, kule milimani kusini magharibi. Nimekuja na mbwa wangu wa aina ya Boxer aitwaye Jabali, dume wa miaka 6 mwenye uzito wa kilo 37. Kule Kabale, ambako mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na sweta haikai mbali na mtu, tulizoea kutembea saa kumi jioni nikitoka shuleni. Tulikuwa tukipanda kilima na kushuka bila shida, isipokuwa ule mkoromo wake ambao nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Nilipofika huku niliendelea na saa ileile, kwa kuwa haikunipitia akilini kwamba ingeweza kumdhuru.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kilomita moja na nusu hivi kwenye barabara ya lami. Tulipokuwa tukirudi nilimwona anabaki nyuma, nami nikashangaa, kwani siku zote yeye ndiye anayenivuta. Ulimi ulikuwa umetoka wote na kutanuka nchani kama upawa, na mate mazito yalikuwa yakining'inia hadi kwenye mkanda wa shingoni. Nilimwita. Alinitazama, akatikisa mkia, akaja hatua tano au sita akiyumba, kisha miguu ya nyuma ikaishiwa nguvu na akalala pale pale njiani.

Vijana waliokuwa kwenye kituo cha bodaboda walipoona mate yale na mwendo ule walipiga kelele kwamba ana kichaa, na wawili walikuwa tayari wameokota mawe. Ilinibidi nisimame juu yake huku nikiwaapia kwamba amechanjwa. Mama mmoja auzaye mboga ndiye aliyetuokoa, kwani alibeba beseni la maji aliyokuwa akinyunyizia mboga zake, akammwagia Jabali tumboni na kichwani, kisha akaenda kuchota mengine. Jirani yangu aliyefika baadaye alishikilia kwamba mbwa amelishwa sumu na kwamba tumnyweshe maziwa, lakini Jabali aliinua kichwa kabla maziwa hayajapatikana. Daktari niliyempigia simu hakupokea siku hiyo wala Jumapili.

Leo ni siku ya nne. Anakula, anatembea uani, na kila nikigusa kamba anakwenda kusimama mlangoni, nami moyo unaniuma kwa sababu ninaogopa kumtoa. Naomba mniambie kama ni sawa kumfungia ndani hadi mvua zianze, au ipo saa inayomfaa, na ikitokea tena nifanye nini kabla ya kumpata daktari.

Mfugaji wa Arua

Pole sana, Mwalimu, na umshukuru mno yule mama wa mboga. Huku kwetu kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, saa kumi jioni ni saa mbaya kuliko hata saa sita, kwa sababu hewa bado ni ya moto na lami imeshiba jua la mchana kutwa. Wewe umevaa viatu, lakini yeye anakanyaga kwa ngozi tupu. Hewa ikiwa nyuzi 25 tu, lami iliyo juani inaweza kufikia nyuzi 50, kwa hiyo mahali ambapo hewa yenyewe inapita nyuzi 33 hakuna haja ya kubahatisha. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya barabara na uhesabu polepole hadi saba, na ukishindwa kufika saba, mrudishe nyumbani.

Mimi hutoka na mbwa wangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa na tochi, na kabla jua halijachomoza tumesharudi. Jioni sitoki kabisa, labda saa mbili usiku, na hata hapo napita njia ya udongo kwa sababu lami huchelewa kupoa. Nashauri pia umnyoe manyoya ili apate hewa.

Daktari wa wanyama, Kampala

Mwalimu, nimesoma maelezo yako mara mbili kwa sababu umeeleza dalili vizuri kuliko wengi wanaofika kliniki. Nitajibu kwa urefu kidogo, na naomba uvumilie.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho katika nyayo, nazo hazitoshi kumpoza, hivyo tegemeo lake kubwa ni kutweta: hewa inapita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto. Sasa mtazame Jabali usoni. Pua yake ni fupi, na kwa mbwa wengi wa namna hiyo, yaani Boxer, Bulldog, Pug na wenzao, matundu ya pua ni membamba na nyama laini ya nyuma ya kaakaa ni ndefu kupita nafasi iliyopo. Anapotweta kwa nguvu nyama hizo huvimba na njia ya hewa huzidi kuziba, na misuli anayoitumia kuvuta hewa nayo inazalisha joto jipya. Mkoromo uliouzoea tangu Kabale ulikuwa sauti ya hewa inayopita kwa shida, ila baridi ya kule ilikuwa inamsitiri.

Lipo jambo la pili, nalo ni kuhama. Mwili wa mbwa huweza kuzoea joto, lakini huchukua wiki kadhaa, na wengine hufika miezi miwili. Wewe umemtoa kwenye baridi ya milimani ukamteremsha hadi mita 1,100 hivi katikati ya kiangazi, na wiki hiyohiyo ukampa mwendo uleule. La tatu ni uzito. Boxer dume wa kawaida huwa kwenye kilo 30 au kuzidi kidogo, na mafuta yale ya ziada ni kama blanketi asiloweza kulivua.

Kuhusu huduma ya kwanza, naomba kila asomaye hapa alishike hili: poza kwanza, ndipo usafirishe. Watu wengi humpakia mbwa kwenye gari au bodaboda akiwa bado anawaka, wakimkimbilia daktari, na dakika zile za njiani ndizo zinazomwua. Mweke kivulini, mmwagie maji mengi mfululizo hasa tumboni, kwapani, kwenye kinena na miguuni, na umpepee kwa chochote ulicho nacho. Zamani tulifundishwa kuogopa maji baridi, lakini sasa inajulikana kwamba maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa, na mbwa kijana mwenye afya anaweza hata kutumbukizwa kwenye karai kubwa huku kichwa kikishikwa juu. Kwa mbwa mzee, au mwenye tatizo la moyo au la pumzi, mwagia na upepee, usimtumbukize. Ukiwa na kipimajoto, kipimo cha kawaida kwenye njia ya haja kubwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, na kikifika 41 yuko hatarini. Acha kumpoza kikishuka hadi 39.5, kwa sababu kitaendelea kushuka chenyewe.

Maziwa msimpe. Mbwa ambaye hajitambui vizuri akimiminiwa kitu kinywani, kinaingia mapafuni, na hilo ni tatizo jipya juu ya lile la kwanza. Mwekee maji karibu, na akipata fahamu atakunywa mwenyewe.

Naomba pia umpeleke akapimwe hata kama anaonekana mzima. Joto kali huumiza figo, ini na ugandaji wa damu, na madhara mengine hujitokeza siku mbili au tatu baadaye. Tazama mkojo wake: ukiwa na rangi nzito kama chai ya rangi, au ukiona damu kwenye kinyesi au madoa mekundu kwenye ngozi ya tumbo, usisubiri hata saa moja. Mwombe daktari achukue na damu ya kutafuta magonjwa ya kupe, kwa maana mbwa mwenye homa ya kupe anatoka nyumbani joto likiwa limeshapanda, na matembezi mafupi tu yanamwangusha.

Ndugu wa Arua, alfajiri umesema kweli. Kwenye kunyoa nakupinga kwa heshima: Boxer ana manyoya mafupi tayari, na mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili kama German Shepherd wakinyolewa hadi ngozini huungua na jua. Kuchana manyoya yaliyokufa kunatosha.

Mama wa Entebbe

Daktari, ahsante, hili la maji baridi nilikuwa sijalisikia. Mimi nafuga Pug, na nataka niongeze jambo kwa walio karibu na ziwa, maana wanaweza kusoma habari za Gulu wakajiona wako salama. Huku kwetu kipimajoto kinaweza kusema 26 tu na bado mbwa akashindwa, kwa sababu hewa imejaa unyevunyevu na mvuke wa ulimini hauna pa kwenda. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, jua likiwaka juu ya majani mabichi, huwa simtoi kabisa.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumfunika kanga mbichi mgongoni na kuiacha. Baada ya muda niliingiza mkono chini yake nikakuta pamekuwa na fukuto kama kwapa la mtoto mwenye homa. Tangu hapo kanga naitandika chini, kwenye sakafu ya saruji, naye analalia tumbo. Na Mwalimu, usifikiri siku bila matembezi ni siku ya adhabu. Mimi humfichia vipande vya chakula ndani ya boksi lenye matambara, akatafuta kwa pua hadi akachoka, na usingizi anaoupata hapo hauna tofauti na wa siku ya kutembea.

Mlinzi mstaafu, Jinja

Mwalimu, kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kulinda usiku nikiwa na mbwa, na baadhi yao niliwapenda kama watoto wangu. Jambo ulilolieleza, kwamba alikutazama, akatikisa mkia, akaja, nimelisoma kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Mbwa hatakuambia amechoka maadamu wewe bado unakwenda. Atakufuata hadi aanguke, kwa hiyo kuamua kusimama ni kazi yako, nawe ufanye hivyo mapema, akiwa bado anaonekana ana nguvu.

Mimi hutazama ulimi. Ukiwa mwembamba na unarudi ndani mara kwa mara, yuko salama. Ukianza kutanuka nchani na kujikunja juu kama ulivyosema, nasimama kivulini mpaka urudi, na siku hiyo tunageuka nyumbani hata kama tumetembea mita mia mbili. Ukosi wa shingoni uuache nyumbani na utumie mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa anayevuta kwa koo anajibana pumzi ambayo tayari ni haba.

Kuhusu wale vijana wa mawe, usiwachukie. Kichaa cha mbwa kipo nchini na kinaua watu, na mbwa anayeyumba huku akitoka mate ndivyo walivyofundishwa kumwogopa. Nenda pale kituoni ukiwa peke yako, uwaonyeshe kadi ya chanjo, uwaeleze kwamba mbwa wako ana ugonjwa wa joto na kwamba siku wakimwona ameanguka wakuletee maji. Wakati wa kazi yangu nilifanya hivyo katika kila mtaa, na kadi nilitembea nayo mfukoni.

Mwalimu wa Gulu

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kukaa kimya kwa wiki tatu. Jabali alipimwa. Figo ziko sawa, lakini Daktari ulikuwa na haki kuhusu kupe: damu ilionyesha ana ugonjwa wa kupe, na dawa amemaliza juzi. Nimempunguzia posho, na kwenye mizani ya dukani amefika kilo 35 na nusu.

Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa njia ya udongo, dakika kumi na tano, nikiwa na chupa mbili za maji, yangu na yake. Tunasimama chini ya mwembe mmoja ambako nimejifunza kuutazama ulimi wake kwa tochi. Kituoni nilikwenda. Mmoja wa wale waliookota mawe aliniuliza jina la mbwa, na sasa tukipita anamwita. Mama wa mboga nilimpelekea sukari kilo mbili, naye akataka kujua kama Jabali anakunywa maji ya kutosha.

Linalobaki ni ule mkoromo. Hata usiku wa baridi, akiwa amelala tu, unasikika hadi chumba cha pili. Je, upo wa kutibiwa?

Daktari wa wanyama, Kampala

Nimefurahi sana, Mwalimu. Mkoromo wa mbwa aliyelala kwenye baridi unafaa kuchunguzwa. Matundu ya pua yakiwa membamba yanaweza kupanuliwa kwa upasuaji, na kaakaa refu linaweza kupunguzwa, lakini kwa mbwa wa pua fupi dawa ya usingizi inahitaji uangalizi wa karibu hadi atakapoamka kabisa, hivyo usikubali ifanyike mahali pasipo na oksijeni na mtu wa kumkesha. Uliza katika kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ukiamua kuja naye, safiri na basi la usiku kama watakubali kumbeba, au gari la kukodi lenye madirisha yanayofunguka, na uje na dumu la lita 20 lililojaa maji.