Chembe pepe ziko kweli ama ni hesabu tu?

mwanafunzi_chiromo: Wadau nisaidieni, hii kitu inaninyima usingizi. Kila video naona inasema elektroni mbili zinasukumana juu zinarushiana fotoni pepe, yaani chembe za mwanga ambazo hazionekani moja kwa moja, na ati hizo fotoni zinakopa nishati kwa ombwe (nafasi tupu) alafu zinarudisha chap chap kabla ijulikane, ni kama Fuliza. Sasa si tulifunzwa nishati haiumbwi? Hiyo ya kukopa inatoka wapi?

kwaki_wa_rongai: Achana kabisa na hiyo stori ya kukopa. Shika mchoro wowote wa Feynman, ile michoro ya kuhesabu vile chembe zinaathiriana, ambapo mistari ya ndani ndio chembe pepe, kila pahali mistari inakutana nishati na momentamu zinabalansi. Kitu chembe pepe haifuati ni ingine, ni ile E² = p²c² + m²c⁴ (E ni nishati, p momentamu, m masi, c kasi ya mwanga) ambayo chembe ya kawaida lazima itimize. Cheki nyutroni ikioza, tofauti ya masi yake na ya protoni ni kama 1.3 MeV tu (hicho ni kipimo cha nishati, GeV moja ni MeV 1,000) na bado inapitia bosoni W, chembe ya nguvu dhaifu inayoozesha nyutroni, ambayo kwa kawaida ni 80 GeV, yaani W inashinda nyutroni yenyewe uzito zaidi ya mara 80! Lakini kwa hesabu hiyo W inabeba tu ile nishati kidogo iliyoko, ni vile iko mbali sana na masi yake, na ndio maana nguvu dhaifu ni dhaifu na nyutroni ikiwa peke yake inakaa kwa wastani karibu dakika 15.

dada_wa_maabara: Sawa, lakini usimfanye aone ni hewa tu. 1947 wanafizikia Lamb na Retherford walipima viwango viwili vya nishati vya haidrojeni ambavyo mlinganyo wa Dirac, ule wa elektroni, unasema viko sawa, wakapata tofauti ya kama 1,000 MHz. Mwaka uliofuata mwanafizikia Schwinger akapata kwa hesabu nguvu ya sumaku ya elektroni imezidi ile ya Dirac kwa sehemu 0.00116, na vipimo vikakubali. Hiyo inatoka kwa mizunguko ya chembe pepe, yaani mistari inayojifunga ndani ya mchoro.

kwaki_wa_rongai: Dada, vipimo sibishi hata kidogo, ni vizuri ajabu. Kilichopimwa ni tabia ya uga, ile kitu imejaa kila mahali ambayo chembe ni mitikisiko yake. Mizunguko inakuja juu tumeamua kukata hesabu vipande vipande, kila mchoro kipande kimoja. Masi ya protoni watu wanaipata kwa kompyuta kwenye latisi (gridi ya nukta) bila kuchora hata mchoro mmoja, na jibu linatoka poa. Kitu inapotea ukibadilisha njia ya hesabu mimi siwezi sema iko huko nje inaruka ruka.

mwanafunzi_chiromo: Kwa hivyo uga ndio uko, na mistari ya ndani ni vile tunauhesabu?

kwaki_wa_rongai: Eeh, hapo umeshika. Hata mwanafizikia Hawking kwa peipa yake ya mnururisho wa shimo jeusi alionya ile picha ya jozi za chembe pepe zinazozuka pembeni ya shimo isichukuliwe neno kwa neno.