Mjadala: Moroni 2027, Maore waingie na bendera gani?

Shangani_Kale

Assalaam aleykum ndugu zangu. Juzi barazani kwetu Mji Mkongwe yalizuka mazungumzo ya Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, kahawa ikapoa na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Nayaleta huku, labda mtanisaidia.

Kwa asiyeijua, michezo hii ilianza Réunion mwaka 1979. Wanaoshindana ni majirani zetu wa baharini: Morisi, Shelisheli, Madagaska, Maldivi, Réunion, Komoro na Maore (Mayotte). Riadha, ngumi, mpira, kuogelea, kunyanyua vyuma, yote yamo. Mwaka 2027 zamu ya uenyeji ni ya Komoro, mji mkuu wao Moroni, na hawajawahi kuipata kabla. (Nasema Komoro, maana nikisema "Ngazija" kwa visiwa vyote kama tulivyozoea Unguja, watu wa visiwa vyao vingine, Nzwani na Mwali, wananuna, na wana haki.)

Mzozo ni Maore. Kwa Komoro hicho ni kisiwa chao cha nne. Kwa Ufaransa ni mkoa wake kamili tangu 2011. Ili wote waweze kuingia uwanja mmoja yalipatikana makubaliano kwamba Maore washiriki, lakini wapite nyuma ya bendera ya Michezo yenyewe, si ya Ufaransa. Mwaka 2015, kule Réunion, siku ya ufunguzi wakapita na ya Ufaransa. Komoro wakajitoa. Vijana waliokuwa wamesafiri tayari wakafunga mizigo wakarudi kwao bila kushindana.

Msimamo wangu, mnipige mawe mkitaka: kule kujitoa kulikuwa kosa. Na Moroni 2027 Maore wapokewe, waombwe wapite na bendera ya Michezo, na wakikaidi, mashindano yaendelee vilevile.

Kwa nini? Angalieni Komoro wamepata nini nje ya michezo hii. Kamati yao ya Olimpiki ilitambuliwa 1993, wakaenda Atlanta 1996, na tangu hapo hawajakosa Olimpiki ya kiangazi hata moja. Medali, sifuri. Paralimpiki waliingia London 2012 na mwogeleaji mmoja. Siwabezi. Sisi Tanzania, na wingi wetu wote huu, tuna medali mbili tu, zote za fedha, zote Moscow 1980, za wakimbiaji wetu Bayi na Nyambui. Ninachosema ni kwamba kijana wa Komoro akienda Olimpiki, mara nyingi anakwenda kwa ile nafasi ya upendeleo wanayopewa nchi ndogo. Anakimbia raundi ya kwanza, sekunde kumi na moja na ushei, anavua viatu, miaka minne imekwisha. Michezo ya Visiwa ndiko anakoingia akijua leo naweza kuvishwa kitu shingoni. Kati ya nchi huru za visiwa hivi ni Morisi peke yao waliowahi kupata medali ya Olimpiki, shaba ya Bruno Julie kwenye ngumi, Beijing 2008. Wengine wote heshima yao ya uwanjani inapatikana hapa hapa nyumbani.

Sasa niambieni, gharama ya 2015 aliilipa nani? Paris haikulipa hata senti.

Bin_Mbeni

Sheikh wangu Shangani, nimesoma kwenu Unguja miaka minne, kahawa ya baraza lenu nimeinywa, kwa hiyo nitakujibu kwa adabu. Lakini nitakujibu.

Umeanzia 2015. Mimi naanzia 22 Desemba 1974. Siku ile visiwa vinne vilipiga kura moja ya uhuru. Kura ilipokwisha Mfaransa akaanza kuhesabu kisiwa kimoja kimoja, na kwa kuwa wengi wa Maore walikataa, akasema hiki nabaki nacho. Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ukatupokea tukiwa nchi ya visiwa vinne. Hayo si maneno ya barazani.

Kisha Januari 1995 ikaja viza. Mtu wa Nzwani akitaka kuvuka kwenda Maore, bahari ya kilomita sabini hivi, lazima apate karatasi ya Mfaransa. Asiyeipata anapanda kwasa-kwasa, vile viboti vidogo vya kuvusha watu kwa siri, usiku, na wengi hawakufika ng'ambo. Kuna vijiji kule Nzwani huwezi kukaa matangani bila kusikia jina la mtu aliyezama. Halafu unaniambia bendera ile ile ipite mbele yetu, tupige makofi, kisha tuanze kuruka juu?

Na jambo moja umelipita haraka mno. Sisi tulikuwa tumeshameza kubwa. Kukubali Maore washindane kama timu mbali na yetu, hilo peke yake lilikuwa gumu kooni. Tulichobakisha ni kitambaa tu, kisipite. Wakakipitisha. Makubaliano yakivunjwa mbele ya macho yako nawe ukaendelea kukaa, kesho yake huna makubaliano tena. Gharama waliilipa wanamichezo, kweli. Lakini usiseme tuliitupa bure.

Kocha_Tononoka

Nimefundisha riadha shule hapa Mombasa tangu nywele zikiwa nyeusi. Mada hii imenigusa kwa sababu ya kususia, maana kususia sisi Waafrika Mashariki tunakujua vizuri kuliko wengi.

Montreal 1976. New Zealand walikuwa wamepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, Afrika ikataka New Zealand watolewe Olimpiki, wakubwa wakakataa. Zaidi ya nchi ishirini zikabeba mabegi. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, akimwacha John Walker wa New Zealand nyumbani kwake. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena Montreal. Walker akaenda akachukua dhahabu, Bayi hakuwapo. Kwetu Kenya, Mike Boit alikosa 1976, halafu akakosa tena 1980 tulipofuata mkumbo wa Wamarekani kususia Moscow. Miaka minane ya mguu wa mtu! Vijana wangu nikiwahadithia hawaamini kwamba mtu anaweza kuwa mzima, tayari, mwenye tiketi, akaambiwa rudi.

Lakini ndugu Shangani, siwezi kusema 1976 ilikuwa kosa. Mwaka uliofuata, 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikaa Gleneagles, Uskoti, wakakubaliana kuzuia mawasiliano ya michezo na Afrika Kusini. Yale mabegi yalisikika.

Yalisikika kwa kuwa yalikuwa mengi, yakatoka siku moja. Linganisha na Shelisheli. Mwaka 1988 walisusia Seoul wakiwa na kikundi kidogo upande wa Korea Kaskazini. Olimpiki iliendelea kama kawaida, na leo kule kwao sidhani kijana wa miaka ishirini anajua kama waliwahi kususia.

Kwa hiyo swali langu ni kwa Bin Mbeni, na naliuliza kwa heshima. Mwaka 2015 mlipotoka, Madagaska walitoka nanyi? Morisi? Shelisheli? Walibaki wote wakashindana, na medali ambazo zingekuwa zenu wakagawana. Kama jirani unayekula naye hakusimama, huyo wa Paris atashtuka kwa lipi?

Mtu_wa_Wete

Nyie mna bendera mpaka mnaigombea! Sie Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupokea Zanzibar uanachama kamili, Julai ile ile ikatuvua, eti nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne, hata jezi hatujashona. Mimi nikiruhusiwa kupita Moroni na bendera ya Zanzibar nitapita hata nikiwa wa mwisho na mguu mmoja ndala.

Kocha_Tononoka

Pole mkuu, lakini uzi huu ni wa Maore. Ya Zanzibar tukiyafungua hapa hatulali.

Bin_Mbeni

Mwalimu Kocha, umenibana na nakiri. Tulitoka peke yetu. Kama tuliwaomba wenzetu na wakatukatalia, au hatukuwaomba kabisa, kwangu aibu ni ile ile. Madagaska wanajua uchungu wa Mfaransa kukaa kwenye visiwa unavyovidai, wao wanadai vile vidogo vya Mlango wa Msumbiji. Morisi nao wana Chagos yao na Mwingereza. Wangetuelewa kabla hatujamaliza sentensi.

Ila mfano wako wa 1976 unanipa silaha pia. 2015 tulikuwa wageni, mgeni akikasirika njia yake ni mlango tu. 2027 sisi ndio wenye nyumba. Maandamano ya ufunguzi tunayapanga sisi, orodha ya kupita tunaiandika sisi. Hatuna haja ya kususia kitu. Wao ndio watakaoamua kama wanakuja kwa masharti waliyoyakubali au wanabaki kwao Mamoudzou, mji mkuu wa Maore.

Mama_Nasra

Jamani wanaume mmeandika aya kumi na hakuna aliyetaja mpira!

Mnakumbuka Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika Kamerun? Komoro na Ghana, kule Garoua. Dakika ya nne tu El Fardou Ben Nabouhane akafunga, na mwisho wa siku Komoro tatu, Ghana mbili, Ghana wakarudi kwao. Nilikuwa Kariakoo kwenye banda la kuonyesha mpira, watu wasioijua Komoro iko wapi kwenye ramani walikuwa wanaruka juu ya viti. Kisha raundi iliyofuata na Kamerun hawakuwa na golikipa, wakamweka beki wa pembeni, Chaker Alhadhur, avae glovu. Wakafungwa mbili kwa moja tu. Tulilia.

Sasa huyo Ben Nabouhane kazaliwa wapi? Maore. Kisheria ni wa Ufaransa, pasipoti hiyo angeishikilia akanyamaza. Akachagua nyota nne na hilali. Hakuna aliyemzuia viza wala kumpangia mstari wa kupita, alitakwa tu, akaja.

Ndiyo maana mimi niko upande wa Shangani ingawa si kwa sababu zake. Mtoto wa Maore mwenye miaka kumi na sita akija Moroni 2027 akakaa wiki nzima, akala pilau nyumba za watu, akasikia wanasema lugha ya bibi yake, huyo anaweza kurudi kwao na jambo moyoni. Mkimwekea masharti mpaka timu yake isije, atakayekuwa amebaki kumsimulia Komoro ni Mfaransa.

Bin_Mbeni

Hilo la Ben sina jibu la haraka, Mama Nasra. Nilikuwa Moroni usiku ule. Hakuna aliyeuliza kazaliwa wapi.

Fundi_Seremala

Samahani nawakatiza. Nimesoma uzi wote mnazungumza kitambaa. Mimi nataka kuuliza milango.

Michezo iliyopita ilikuwa Antananarivo. Tarehe 25 Agosti 2023, siku ya ufunguzi, watu walijazana kwenye lango la uwanja wa Barea, wakakanyagana, wakafa wasiopungua kumi na wawili na makumi wakaumia. Waliokufa walikwenda kutazama gwaride lile lile mnalogombania. Na mwaka 2019 uwanja huo huo, siku ya taifa, watu walikuwa wameshakanyagana wakafa.

Komoro wana uwanja wa Maluzini, Wachina wamesaidia kuujenga, mzuri. Lakini uwanja wa watu elfu kumi au zaidi kidogo, siku ambayo nchi nzima inataka kuingia, kwa tukio ambalo halijawahi kufika kwao! Bado malazi, bado boti za kuvusha watu kutoka Nzwani na Mwali, bado umeme. Anayejua maandalizi yamefika wapi atuambie. La bendera mtamaliza kwa dakika tano mkitaka.

Shangani_Kale

Fundi umesema kweli, na nakiri hata barazani hatukugusa hilo. Fungua uzi wake, nitachangia.

Nirudi kwa Bin Mbeni. Mimi nilisema Maore wakikaidi mashindano yaendelee. Nimesoma ulivyoandika juu ya makubaliano na naona nililegeza mno, nalirekebisha. Wakija na bendera ya Ufaransa, gwaride lisimame. Wenyeji wasimamishe ngoma, wasubiri. Dakika kumi, nusu saa, mpaka ikunjwe, na televisheni ya Ufaransa ionyeshe uwanja mzima ukingoja kimya. Lakini asubuhi yake mbio za mita 100 ziwepo, na kijana wa Komoro awe kwenye mstari. Na kabla ya yote hayo, kuanzia sasa, ujumbe uende Antananarivo, Port Louis na Victoria, kwa Madagaska, Morisi na Shelisheli, waseme mapema kwamba wao pia watasimama. Hapo hutakuwa peke yako tena. Unakubali?

Bin_Mbeni

Nusu yake nakubali. Ile ya kwenda Port Louis na Victoria naikubali yote, na ingefanyika tangu jana.

Ile ya kusimamisha ngoma, nimeifikiria tangu alfajiri. Ukisema gwaride lisimame unamwona nani mbele yake? Mimi kwanza nilimwona gavana wa Kifaransa. Halafu nikakumbuka anayebeba bendera si gavana, ni mwanamichezo. Mtoto wa dada yangu wa baba mmoja amezaliwa Mamoudzou, anakimbia mita 400, mwaka huu ametimiza kumi na saba. Mbio anazo.

Wakimpa yeye aibebe, na uwanja wetu mzima ukamkazia macho nusu saa, mimi nitakuwa nimekaa jukwaa gani?