Mjadala: Asilimia 30 ya bahari ifungwe ifikapo 2030?

Mleta mada

Wadau, salaam. Desemba 2022 kule Montreal mataifa yalipitisha makubaliano ya bioanuwai, na lengo lake la 3 linataka angalau asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari iwe chini ya hifadhi ifikapo 2030. Tangu siku hiyo, ukihudhuria kikao chochote cha bahari wimbo ni mmoja: 30, 30, 30. Mimi naupinga. Mnivumilie nieleze, maana najua nitaambiwa sitaki samaki wabaki.

Bahari yote ina kilomita za mraba kama milioni 361. Asilimia 30 yake ni milioni 108, yaani Afrika tatu na nusu. Doria ya eneo hilo ni ndoto. Kwa hiyo serikali inayotaka sifa inafanya lililo rahisi: inatafuta maji mengi yaliyo mbali na watu, ambako hata uvuvi ni wa kubahatisha, inachora mstari kwenye ramani na kutangaza kwamba asilimia zimepanda. Huku karibu na pwani, kwenye matumbawe na majani ya bahari ambako samaki wanakulia na nyavu zinapita kila siku, hapaguswi. Pale kuna wapiga kura.

Halafu kuna Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Uingereza huku Mauritius ikividai. Wakazi wa visiwa vile waliondolewa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973 ili kupisha kambi ya kijeshi. Aprili 2010 Uingereza ikatangaza maji yanayovizunguka kuwa hifadhi, kilomita za mraba kama 640,000, uvuvi marufuku. Machi 2015 mahakama ya usuluhishi iliyokaa chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari iliamua kwamba tangazo lile lilivunja mkataba, kwa sababu haki za Mauritius hazikuzingatiwa. Wakati wote huo, kwenye orodha za dunia eneo lile lilihesabiwa kama ushindi wa uhifadhi.

Na jodari je? Yule ni msafiri, mstari wenu hauoni. Kiribati, nchi ya visiwa kwenye Pasifiki, ilifunga eneo la Visiwa vya Phoenix, kilomita za mraba kama 408,000, mwanzoni mwa 2015. Novemba 2021 serikali ikatangaza itafungua tena, maana leseni za jodari ndizo zinazoiendesha nchi. Siwalaumu hata kidogo.

Swali langu: kwa nini tunabishana asilimia ngapi, wakati hatujajibu wapi, lini, na nani atalinda? Nawasilisha.

Maji Chumvi

Mkuu, umeanza vibaya. Lengo la 3 halisemi "funga". Linasema maeneo yahifadhiwe na kusimamiwa ipasavyo, na matumizi endelevu yanaruhusiwa pale yanapoendana na malengo ya uhifadhi. Linataja pia haki za jamii za asili na wenyeji, wakiwemo wa maeneo yao ya jadi. Unapigana na kitu ambacho hakijaandikwa.

Tena umesahau bahari kuu. Karibu theluthi mbili za bahari ziko nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Huko ndiko ule mkataba mpya wa bahari kuu, uliopitishwa 2023 na kuanza kutumika Januari 2026, unapotoa njia ya kutenga hifadhi. Huko hakuna kijiji cha kufukuza.

Mleta mada

Nimekubali kuhusu neno, nilifupisha mno. Lakini umenipa fimbo ya kukuchapia. Kama "kuhifadhi" kunaweza kumaanisha chochote, basi ndiyo maana tunapata vituko. Mwaka 2018 watafiti walichunguza hifadhi 727 za bahari za Umoja wa Ulaya. Asilimia 59 ya hifadhi hizo zilikuwa zinavuliwa kibiashara na meli zinazoburuta nyavu sakafuni, na kwa wastani uburutaji ulikuwa mkali zaidi ndani ya hifadhi kuliko nje yake. Mara 1.4 ya ule wa nje.

Pitia Tu

Yaani hifadhi inaburutwa nyavu kuliko sehemu isiyo hifadhi? Sasa imehifadhi nini, jina?

Mzamiaji

Nimekaa pembeni nikisoma. Nimehesabu samaki chini ya maji kwa miaka kadhaa, wacha niseme nililoliona kwa macho.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mnashuka wawili. Mmoja anafunga ncha ya utepe wa mita 50 kwenye jiwe na kuogelea taratibu huku utepe ukifunguka nyuma yake. Mwenzake ana kibao cha plastiki na penseli. Anaandika kila samaki aliye ndani ya mita mbili na nusu, kulia na kushoto, na anakadiria urefu wake. Ukimaliza unakunja utepe, unahamia mbele, unaanza upya, mpaka vidole vinakakamaa kwa baridi. Mgeni akipewa kibao anashughulika na idadi. Aliyezoea anashughulika na urefu. Kwenye mwamba unaovuliwa kila siku unaweza kuhesabu samaki wengi tu, ila wote ni saizi ya kiganja, na aliyezidi hapo akikuona unabaki na mkia wake machoni. Kwenye mwamba uliofungwa miaka mingi na kulindwa kweli, chewa wa urefu wa mkono mzima anakaa mlangoni kwa shimo lake anakutazama, kana kwamba wewe ndiye umekosea njia.

Urefu una maana kwa sababu ya mayai. Chukueni kodi, yule samaki wa Atlantiki ya Kaskazini (si kodi ya serikali, hiyo haitagi). Jike mmoja wa kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili, ambao ukiwapanga kwenye mzani wana kilo 56. Uvuvi unaanza na wakubwa. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa na samaki na bado ikawa imepoteza wazazi wake.

Na mayai hayabaki ndani ya mstari. Visiwa vya Keppel, Australia, watafiti walichukua vinasaba vya samaki wakubwa ndani ya maeneo yaliyofungwa, kisha wakakusanya samaki wachanga kwenye miamba ya ndani na ya nje, wakatafuta nani mzazi wa nani. Kesi ya ubaba, ila ya samaki. Matokeo yalitoka 2012: maeneo yaliyofungwa yalikuwa asilimia 28 tu ya miamba ya pale, lakini yalizaa karibu nusu ya samaki wachanga wote ndani ya kilomita 30. Mvuvi aliyekuwa nje alikuwa anavua watoto wa hifadhi bila kujua.

Kuhusu jodari, mleta mada, hapo umechemka. Hifadhi ya Papahānaumokuākea, kaskazini-magharibi ya Hawaii, ilipanuliwa 2016 ikafika kilomita za mraba kama milioni 1.5. Utafiti wa 2022 uliangalia meli zinazovua karibu na mpaka wake na kukuta kiwango cha kunasa jodari wa mapezi njano kimepanda kwa asilimia 54. Msafiri naye ana mahali anapopumzika.

Sasa nijipinge mwenyewe kabla hamjanipinga. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa hifadhi 87 za dunia nzima. Walitafuta sifa tano: hakuna uvuvi kabisa, kuna ulinzi, imezidi miaka kumi, imezidi kilomita za mraba 100, na imetengwa na maji ya kina au mchanga. Zenye sifa moja au mbili tu zilikuwa asilimia 59, na hizo hazikutofautiana na sehemu zinazovuliwa. Ukisoma haraka utasema mleta mada ameshinda. Mimi nasoma kwamba tumejaribu nusu nusu, halafu tunaushtaki uhifadhi.

Mzee wa Dema

Vijana mnaandika vizuri. Mimi nimevua kwa dema, ile mitego ya kusuka, na mshipi tangu ndevu hazijaota, na nimewahi kufungiwa miamba miwili. Walikuja na maboya ya njano, wakayatia nanga asubuhi moja. Barua ilikuja baadaye.

Nikwambie kilichofuata, mzamiaji, maana wewe uko chini ya maji huoni juu. Sisi tuliokuwa tumesambaa kwenye miamba sita tukabanana kwenye minne. Dema zikagongana. Mwenye mashine akaenda mbali, asiye na mashine akabaki kuvua kile kilichokwisha kuvuliwa. Miaka miwili ya kwanza hayo mayai yako hatukuyaona. Na usiku zilikuwa zinaingia boti tusizozijua, zinavua ndani ya maboya yenyewe. Mlinzi alikuwa anafanya kazi saa za ofisi.

Mnaniambia niamini hesabu za wataalamu. Kisa hicho cha kodi umekianza, mimi nakimalizia. Kule Newfoundland, Kanada, wavuvi wadogo wa pwani walilalamika miaka ya 1980 kwamba samaki wamekuwa wachache na wadogo. Wataalamu wakatazama mavuno ya meli kubwa, yakawa mazuri, wakasema samaki wapo. Kumbe kodi wakipungua hujikusanya fungu moja, na meli yenye mitambo ya kuwatafuta inawafuata hadi fungu la mwisho. Julai 1992 uvuvi ukafungwa. Watu kama 30,000 kazi ikakatika. Wakaambiwa ni miaka miwili. Marufuku yenyewe imekuja kuondolewa rasmi 2024. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufungwa alikuwa amefika miaka 31.

Mzamiaji

Mzee, shikamoo. Kisa hicho ndicho kinachonifanya niunge mkono kufunga. Pale hapakuwa na sehemu hata moja iliyoachwa kama akiba. Waliposhtuka ikabidi wafunge kila kitu kwa mpigo. Kipande kikifungwa mapema, unaepuka kuja kufunga bahari nzima.

Na wapo waliofunga wenyewe. Cabo Pulmo, Mexico, wanakijiji ndio waliosukuma hifadhi itangazwe 1995, kilomita za mraba 71 tu. Kisheria uvuvi ulizuiwa kwenye sehemu tu ya eneo, wao wakaamua kuacha kuvua kote na kulinda wenyewe. Kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki wote uliongezeka kwa asilimia 463.

Mzee wa Dema

Marahaba, kijana. Hao wa Cabo Pulmo walikula nini hapo katikati? Watalii wa kuzamia. Kila mwamba utapata watalii?

Maji Chumvi

Mzee hapo amegusa penyewe. Ray Hilborn, mtaalamu wa uvuvi wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, amekuwa akibishana na wenzake kwa miaka juu ya jambo hili: ukifunga sehemu bila kupunguza idadi ya boti, umehamisha uvuvi tu. Anasema viwango vya mavuno na aina ya zana vikisimamiwa vizuri, samaki wanarudi bila kufunga eneo kubwa. Nchi yenye takwimu nzuri inaweza. Nchi isiyojua hata ina boti ngapi, sijui itaanzia wapi. Angalau mstari unaonekana.

Pitia Tu

Mstari unaonekana na nani, usiku?

Mleta mada

Narudi. Nakubali mambo mawili ya mzamiaji: wazazi wakubwa, na kile kisa cha ubaba, sikuwa nakijua. Kuhusu jodari nimejikwaa. Lakini angalieni mifano yake inayonigusa: Keppel na Cabo Pulmo ni sehemu ndogo, samaki anayejulikana, walinzi wanaojulikana. Hakuna hata mmoja uliofanikiwa kwa sababu ya kufikisha asilimia.

Niongeze mmoja ambao kwangu ndio bora. Mwaka 2001, kwenye ncha ya kisiwa cha Little Cayman, wavuvi waligundua mahali ambapo chewa wa Nassau hukusanyika kutaga, majira ya baridi mwezi ukiwa mpevu. Wote wa kisiwa wanakuja sehemu moja, usiku chache kwa mwaka. Ndani ya misimu miwili walikuwa wamevuliwa kwa maelfu. Mwaka 2003 kukapigwa marufuku kuvua pale wakati wa kutaga. Idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 1,200. Miaka 15 baadaye walikuwa karibu 7,000. Kwenye hesabu ya asilimia 30, mahali pale hata nukta hapafiki.

Mzamiaji

Mfano mzuri, siupingi. Ila umechagua samaki mwenye tarehe na anwani. Papa, kasa, matumbawe yenyewe, hawana msimu wa usiku chache. Tumbawe likivunjwa na nanga leo, kufunga Januari peke yake hakutalisaidia. Na sifa ya miaka kumi haikwepeki: samaki anayechukua miaka minane kukomaa hawezi kuharakishwa na kikao.

Mzee, nikuulize wewe. Ukiambiwa uchague mwamba mmoja kati ya hiyo minne iliyobaki, uufunge mwenyewe, ungechagua upi?

Mzee wa Dema

Ningechagua ule wa mashariki, wenye mapango. Pale chewa wanaingia wakiwa na matumbo yamejaa mayai, kila mvuvi wa rika langu anajua, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Ningeufunga miezi mitatu kila mwaka, na boya ningelitia mwenyewe. Miaka kumi mfululizo siwezi kukuahidi, nina watu wa kulisha.

Lakini kabla sijatia nanga hilo boya, mniambie boti ya doria ya usiku nani anaijaza mafuta.